Mlango wa Mama Toka

Sauti ya Mama Toka ilifika kwenye maegesho ya magari kabla mwenyewe hajafika kazini. Ndivyo walivyosema madereva wa kampuni, na madereva hawajawahi kukosa chumvi ya kutia kwenye habari, ila safari hii waliitia kidogo tu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mfupi, miwani imemkaa puani kama ya mwalimu wa hesabu, na ukimkuta kwenye foleni ya benki ungeweza kumchomekea bila kujua unayemchomekea. Lakini msimamishe mlangoni mwa ndege ya mbao ya mazoezi, mashine ya moshi ianze kukohoa, halafu uone. "Toka! Toka! Acha mzigo! Toka!" Siku moja hata mlinzi wa getini, ambaye hajapanda ndege maishani mwake, alijikuta ameiacha chai yake na kusimama nje ya kibanda, anajiuliza katoka kwenda wapi.

Kazi yake ilikuwa kufundisha wahudumu wa ndege, na jina la Mama Toka alipewa na wanafunzi wake. Usoni walimwita Mwalimu. Binti wa marehemu kaka yake alimwita Shangazi, kama ilivyo haki yake. Shangazi ndiye aliyemlea, katika nyumba ambayo mtoto halali mpaka aonyeshe atatokea wapi moto ukizuka, na atatokea wapi kama huko nako kumeziba. Watoto wa jirani walicheza kujificha. Yeye alicheza kutoka.

Huyo binti alipokua alitaka kitu kimoja tu: kuruka. Alitaka sare ile ya buluu, skafu shingoni, kisanduku cha magurudumu kikimfuata nyuma kama mbwa mtiifu. Kwa hiyo aliingia darasani kwa Shangazi kama wanafunzi wengine wote, akidhani moyoni, kama ambavyo wengi wangedhani, kwamba mwenye ndugu hakosi mtetezi.

Ndege ya mbao haikuwa nzuri kuitazama. Kiwiliwili chake kilikuwa cha plaiwudi, ndani mna viti vya kweli vilivyotolewa kwenye ndege iliyostaafu, na milango miwili ya kweli, mmoja kushoto, mwingine kulia, mizito kuliko unavyofikiri. Ukifungua mmoja, mtelezo wa mpira unajaa hewa na watu wanateleza hadi kwenye magodoro. Nje ya kila mlango, chini kidogo ya kidirisha chake, palikuwa na taa nyekundu. Kabla ya zoezi Shangazi aliwasha moja bila kumwambia mtu. Taa ikiwaka, maana yake upande ule nje kuna moto: usifungue, ziba mlango kwa mwili wako, wapeleke watu mlango mwingine. Na taa hiyo huioni mpaka uiname na kuweka uso kwenye kidirisha. Inama, tazama, ndipo ufungue. Somo lenyewe ndilo hilo, na kwa kulisikia tu mtu anaweza kusema hata mtoto angelimudu.

Wangapi walilimudu? Moshi ukijaa, watu wakipiga kelele, mkono unakimbilia kishikio peke yake. Mlango unafunguka, abiria wa mazoezi wanateleza wakicheka, na Shangazi anashuka taratibu, anapita godoro kwa godoro, anamgusa kila mmoja begani. "Wewe umekufa. Wewe umekufa. Wewe na mtoto wako mmekufa." Hakupaza sauti katika kazi hiyo. Hapo ndipo vijana wakubwa wenye misuli walipotafuta mahali pa kuficha macho.

Mtihani wa mwisho, binti wa kaka yake alifungua mlango wenye moto. Shangazi alimgusa kila abiria begani, hakumruka hata mmoja, kisha akamwangusha mbele ya darasa zima. Damu ni nzito kuliko maji, sawa, lakini kwa Shangazi vyote viwili vilikuwa vya kuzimia moto. Binti alilia wiki nzima. Alinuna mezani, akanuna sebuleni, na mtu yeyote aliyemuuliza alimwambia kwamba ameonewa na damu yake mwenyewe.

Wakati huohuo kampuni ilipata mkurugenzi mpya, aliyetoka kuuza sabuni. Wafanyakazi walimbatiza Bwana Chapuchapu kabla ya chakula cha mchana cha siku yake ya kwanza. Tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, alisalimia wafagizi kwanza na mameneja baadaye, na kampuni aliikuta inachechemea. Tatizo lake ni kwamba kila kisichouza tiketi alikiona ni mafuta ya ziada mwilini. Wahudumu wakawa wanafagia ndege wenyewe kati ya safari na safari, sare zao za buluu zikinuka dawa ya choo. Rubani akiomba kiti kibovu kitengenezwe aliambiwa kitatengenezwa usiku, na usiku huo haukufika. Kiti kilivishwa kitambaa kipya, abiria akauziwa. Kwake, wanaolala kazini ni wavivu, na wanaoomba kupumzika ni binamu zao. Faida ilipanda, picha ya Bwana Chapuchapu ikatoka gazetini amekumbatia ndege ndogo ya plastiki.

Kisha akaiona ndege ya mbao. Ilikuwa imekalia chumba kikubwa chenye madirisha mazuri, na yeye alikuwa anatafuta mahali pa kuweka wauza tiketi wa simu. "Mama," alimwambia Shangazi, kwa adabu kabisa, "dunia imebadilika. Watajifunza kwenye tableti. Nyumbani, kitandani, na chai yao. Atakayefaulu, anaruka."

"Na mlango?" Shangazi aliuliza.

"Mlango umo humo kwenye tableti."

Binti alikuwa wa kwanza kujiandikisha, na alifaulu kuliko wote. Swali la mlango lilikuwemo: kabla ya kufungua, unafanya nini? Alilijibu kila mara, na kila mara alama ya kijani ilimchekea. Nainama, natazama nje, ndipo nafungua. Bwana Chapuchapu alimwita ofisini na kumkalisha kwenye kiti cha ngozi. Mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga anakuja Ijumaa, alimwambia, anataka kuona kama tableti zinatosha. Tutafanya maonyesho kwenye lile banda la mbao kwa mara ya mwisho, na wewe utaongoza. Ukifanya vizuri, unaanza na safari yetu mpya ya masafa marefu. Sare ilikuwa imeshashonwa kwa vipimo vyake. Ilining'inia nyuma ya mlango wa ofisi, na binti aliigusa mkono wake kama mtu anayesalimiana nayo.

Jioni ile nyumbani Shangazi alikuwa anachambua mboga.

"Shangazi, umekasirika?"

"Nimekasirika tangu Jumatatu. Kaa ule."

"Wakipitisha tableti, ndege yako wataivunja."

"Mimi sijaizaa ile ndege. Ni mbao."

"Ijumaa utakuja?"

"Nitakuwa abiria. Na taa moja itawaka, kama kawaida. Usije ukasema sikukwambia. Bosi wako nimemwambia pia."

"Kasemaje?"

"Kasema niwashe hata taa za Krismasi, bora watu watoke chapuchapu."

Binti alicheka kidogo. "Najua, Shangazi. Nainama, natazama, nafungua."

"Kujua unajua," Shangazi alisema, akasogeza bakuli.

Kwenye mkono wa Shangazi, juu ya kifundo, palikuwa na alama ya meno. Utotoni binti aliamini aling'atwa na mbwa, na mwenye alama hakujisumbua kumsahihisha. Alikuja kuambiwa ukweli na rubani mmoja mstaafu, msibani, kati ya sahani ya wali na kikombe cha chai. Zamani, Shangazi akiwa mhudumu kijana, ndege yao iliwaka moto ikiwa bado ardhini. Alitazama kwenye kidirisha cha mlango wake akaona ndimi za moto. Akageuka, akaziba mlango kwa mgongo. Watu wazima, wenye tai na wenye watoto, walimpiga, walimvuta nywele, na mwanamume mmoja mwenye shahada mbili alimng'ata mkono ili auachie mlango. Hakuachia. Aliwapigia kelele mpaka wakageukia mlango wa pili, na wote wakatoka, na mng'ataji pia akatoka. "Baadaye alimletea maua," rubani alisema. "Shangazi yako alimuuliza kama amechanjwa." Binti alicheka siku ile mpaka chai ikampalia, lakini tangu hapo kila alipouona mkono ule ukikata kitunguu alinyamaza kidogo. Hata alipokuwa amenuna. Huwezi kumnunia vizuri mtu kama huyo. Unanuna huku unamstahi, na hivyo viwili havikai chungu kimoja.

Ijumaa ikafika. Wageni walijazwa kwenye ndege ya mbao wawe abiria: wenye hisa, waandishi wa habari, watu wa matangazo, na mama mzazi wa Bwana Chapuchapu, bibi mmoja mnene mwenye gauni la maua na mkoba mgumu, aliyekuja kumwona mwanawe akipongezwa. Shangazi alikaa kiti cha nyuma kabisa, mikono magotini, kimya kama mtu asiyejua kusoma maandishi ya EXIT. Mkaguzi, mwanamume mrefu aliyezoea kuinama kwenye milango, alisimama nyuma ndani ya kabini ahesabu watu. Bwana Chapuchapu alikaa nje karibu na magodoro, simu mkononi, tayari kupima muda.

Moshi ukaanza. Kengele ikalia. Watu wakacheka, wakakohoa, mmoja akaanza kupiga picha. Na binti akasimama.

Jamani, alikuwa mzuri. Sauti iliyotoka kooni mwake ilikuwa ya Shangazi kabisa. "Fungua mkanda! Acha mzigo! Huku! Toka!" Mwandishi mmoja alitaka kuchukua kamera iliyokuwa juu, akamkemea mpaka mkono ukashuka wenyewe. Akaruka hadi mlango wa kushoto, akashika kishikio, akazungusha, akasukuma kwa bega, mlango ukaenda. Mtelezo ukajaa. "Ruka! Ruka!" Watu wakamiminika. Bibi wa gauni la maua aliteleza akipiga vigelegele, mkoba kifuani, akatua kwenye godoro na kuuliza kama inaruhusiwa kurudia. Shangazi alishuka katikati ya watu kama abiria mwingine yeyote. Binti alikagua viti, akahakikisha hakuna aliyebaki, naye akateleza wa mwisho.

"Rekodi!" Bwana Chapuchapu alipiga kelele. "Haijawahi kutokea katika jengo hili!"

Makofi yakalipuka. Binti alisimama kwenye godoro akihema, akicheka, nywele zimemtoka kwenye kibanio. Akageuka kuutazama mlango wake.

Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Hakuna mwingine aliyeiona. Au waliiona, na kwao ilikuwa taa tu, kama taa za kwenye jokofu. Mkaguzi alikuwa ndio kwanza anashuka kwa ngazi ya nyuma, na kutoka huko taa haikuonekana. Bwana Chapuchapu tayari alikuwa ameanza hotuba: mnaona wenyewe, huyu darasa la wiki na wiki lilimshinda, amejifunza kitandani na chai yake. Watu wakacheka tena.

Binti alimtafuta Shangazi kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye godoro, mikono magotini, anamtazama. Uso ule haukumwambia kitu. Haukumtisha, haukumwonya, haukumwomba. Akaifikiria ile sare nyuma ya mlango wa ofisi. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno; hakuhitaji hata kufanya lolote, angesimama tu hapo na kupigiwa makofi. 

Akatembea hadi kwa bibi wa gauni la maua, akainama, akamgusa begani.

"Samahani, bibi. Umekufa."

Bibi akacheka. Binti akaenda kwa aliyefuata. "Wewe umekufa." Akaenda kwa mwandishi wa kamera. "Wewe umekufa." Hakumruka mtu. Kicheko kikapungua godoro kwa godoro, mpaka kikabaki kwa mtu mmoja wa matangazo aliyedhani ni sehemu ya maonyesho. Wa mwisho kuguswa alikuwa Shangazi. "Na wewe, Shangazi. Umekufa."

"Nimekufa," Shangazi alikubali.

"Anatania huyu," Bwana Chapuchapu alisema, meno nje bado. "Vijana bwana!"

"Sitanii, bosi. Ile taa ikiwaka, upande huu kuna moto. Nilitakiwa kutazama kabla ya kufungua. Sikutazama. Hawa wote nimewatia motoni."

"Ni taa tu hiyo!"

"Leo ni taa," binti alisema.

 Kisha yule bibi akajiinua kwenye godoro kwa shida, akakung'uta gauni, akamgeukia mwanawe. "Ina maana hapa nimekufa? Nimeungua, na wewe mwanangu umenipigia makofi?"

"Mama, si kweli kweli..."

"Ukasema na rekodi!"

Mkaguzi alikuja mbele, akaitazama taa kwa muda, kisha akamtazama binti. "Hukufundishwa kutazama kwanza?"

"Nimefundishwa. Swali hilo nimelipata kila mara. Hata jana usiku nimelijibu."

"Sasa imekuwaje?"

"Jibu liko kichwani," binti alisema. "Mkono haukuwa na habari."

 Bwana Chapuchapu alimvuta binti pembeni, na hakumfokea, ingawa ingekuwa afadhali amfokee. Alimuuliza polepole kama anajua anachokitupa. Binti alisema anakijua, kwa sababu kilikuwa saizi yake kabisa.

Bibi ndiye aliyekataa kuondoka. "Mimi nirudishwe humo ndani," alisema. "Siendi nyumbani nikiwa marehemu." Shangazi akasimama hapo, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ya Mama Toka ikatoka. "Rudini wote! Kaeni mlipokaa! Funga mikanda!" Wenye hisa na tai zao walipanda ngazi kama watoto wa shule waliosikia kengele. Hakuna aliyeuliza huyu mwanamke ni nani, wala safari hii amewasha taa ipi.

Safari hii hakuna aliyecheka. Moshi ukaja, binti akakimbilia mlango wa kushoto, akashika kishikio, akasimama. Akainama. Akaweka uso kwenye kidirisha. Nyekundu. Akageuka, akaupa mlango mgongo na kutandaza mikono. "Hapa moto! Hapafunguki! Pita kule! Kule!" Watu walikuwa wameshashika kasi na hawakutaka kusikia. Walimsukuma. Mwandishi alimkanyaga. Bibi, ambaye wakati huu alikuwa anaogopa kweli, alimpiga na ule mkoba mgumu begani mara mbili, tatu, akilia kwamba afunguliwe. Binti hakuachia. Alipiga kelele mpaka koo likachubuka, na mwishowe wakageuka, wakatoka kwa mlango wa kulia, mmoja nyuma ya mwingine. Ilichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Hapakuwa na makofi, watu walikaa kwenye magodoro wakitafuta pumzi, na bibi alimwita binti akamshika uso kwa mikono miwili.

Mkaguzi aliamua palepale: tableti zibaki kwa kusomea, lakini hakuna atakayeruka bila kupita kwenye mbao. Wauza tiketi wa simu watafutiwe chumba kingine. Bwana Chapuchapu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayemeza dawa chungu mbele ya mama yake, na ndivyo hasa ilivyokuwa. Mchana huohuo alimtoa binti kwenye safari mpya, na sare ikapelekwa stoo. Akitaka kuruka ataanza darasa upya, kutoka somo la kwanza, pamoja na wanafunzi wapya. Shangazi aliyasikia yote hayo na hakumwombea apunguziwe hata nusu ya somo.

Wageni walipoondoka walibaki wawili, wakikunja mtelezo. Ni kazi ya watu wawili wanaoelewana, maana hewa ikibaki pembeni inakimbilia kwa mwenzako.

"Shangazi."

"Kunja."

"Ningenyamaza, ungesema?"

"Ningesema. Mkaguzi asingefika getini bila kujua." Shangazi alipiga goti juu ya mpira, hewa ikatoka kwa mlio wa aibu. "Nilitaka kwanza nikuone wewe."

"Na mimi ungenifanya nini?"

Shangazi alivua miwani akaifuta kwa ncha ya blauzi. "Kosa la mlango ninalifundisha. Utalirudia mara mia na mimi nitakugusia watu mara mia, mpaka mkono ujifunze. La kunyamaza sina somo lake. Ningekutafutia kazi ya nchi kavu, na hata basi nisingetaka ulisimamie."

Binti aliutazama mkono ule wenye alama ya meno ukibana pembe ya mpira, akahisi mapenzi yamemjaa mpaka akakosa pa kuyaweka, basi akakunja. Bega lilikuwa linamuuma palipopigwa na mkoba. Walifika katikati, vichwa vikakaribia kugongana.

"Leo umeokoa watu," Shangazi alisema.

Haikuwahi kutokea amsifu. Binti alijaribu kulipokea neno hilo kama mtu mzima. "Angalau ile mara ya pili."

"Ya kwanza, ulipowagusa begani," Shangazi alisema, na akavuta upande wake.